Sauti Iliyotoka Korongoni

Nilipokuwa mtoto, msituni hatukuitana kwa majina. Tukienda kuokota kuni tulipigiana mluzi, au tuligonga gogo kwa kijiti mara mbili na aliyesikia akajibu kwa kugonga mara moja. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Tuliikuta tu, kama tulivyoikuta njia ya kwenda mtoni. Sababu yake alitueleza Bibi, mama yake baba, na alitueleza bila mapambo, kwa sauti ile ile aliyotumia kutuambia chumvi imekwisha.

"Chini ya korongo kuna chemchemi, na chemchemi ina mwenyewe. Ukitaja jina la mtu kule, mwenyewe analishika. Halafu siku moja utasikia sauti ya mtu wako inakuita, na huyo mtu wako yupo mbali. Ukisikia hivyo, ujue tumeshampoteza."

Bibi alikuwa Mkristo wa kweli. Jumapili hakukosa kanisani hata mvua inyeshe vipi, na rozari yake ilikuwa imelainika shanga kwa kushikwa. Sikumwona hata siku moja akisumbuka kwamba kanisa halikumtaja mwenye chemchemi. Kwake kanisa lilikuwa la huku, na korongo lilikuwa la kule.

Kijiji chetu kipo upande wa juu wa ziwa Tlawi, pale mashamba ya ngano na maharage yanapogota kwenye msitu. Miezi ya katikati ya mwaka ukungu hushuka asubuhi na kukaa kwenye mashamba mpaka saa nne, na mtu anayekuja njiani humwoni mpaka awe ameshakufikia. Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tano. Mdogo wangu Damiano alikuwa na miaka sita. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Haydom kwa ajili ya goti lililovimba likakataa kupona kwa dawa zote tulizozijua. Alipelekwa kwa basi, mguu ameunyoosha juu ya kiti cha pili, na alipotupungia mkono dirishani alicheka ili tusilie.

Katika majuma hayo ndipo walipokuja watafiti. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa dada mmoja aitwaye Oliva, mwembamba, mwenye viatu vya mvua, aliyewaamkia wazee wetu wote kwa shikamoo mmoja mmoja mpaka wakampenda. Alisema wanatafuta mbega. Wazee walikumbuka mbega, wale kima weusi wenye mabega meupe na mkia kama ufagio, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeapa kuwaona. Dada Oliva alieleza kwamba mbega ni rahisi kumsikia kuliko kumwona, kwa sababu alfajiri dume huunguruma na sauti inavuka mabonde. Kwa hiyo wangefunga visanduku kwenye miti, visikilize na kutunza kila sauti kwa mwezi mmoja, kisha wao wahesabu.

"Hakiumi mtu," alisema akituonyesha kimoja, cha kijani, kidogo kama biblia, chenye kitaa chekundu kilichowaka na kuzima. "Kinasikia tu."

Tuliporudi nyumbani Bibi alikaa akichambua maharage. Halafu akasema, "Kinasikia na kinatunza. Basi sasa wako wawili."

Siku chache baadaye Baba alifunga shuka lake na mfuko mdogo. Alituambia anakwenda Haydom kukaa na Mama mpaka apate nafuu. Alimwachia Bibi unga, akanishika kichwa, akasema, "Mwangalie mdogo wako." Akaondoka kabla ukungu haujainuka.

Ilipofika Jumamosi nilikwenda kuni na Damiano. Nilikuwa nimekatazwa kumpeleka mbali, lakini kuni za pembeni zilikuwa zimekwisha, tukashuka kidogo kuelekea korongo. Ukungu ulikuwa mzito. Nilianza kufunga mzigo, na nilipogeuka Damiano hakuwepo.

Nilipiga mluzi. Niligonga gogo mara mbili, nikasubiri. Kimya. Nikasikia kitu kingine, chini kabisa, sauti ya kukwaruza inayokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu mkubwa anayekoroma. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo msituni. Nilijua mara moja ni nani anayekoroma namna hiyo karibu na chemchemi.

Nikagonga tena. Damiano hakujibu. Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Damiano! Damiano! Damianooo!"

Kukoroma kule kukanyamaza ghafla. Hata leo nikikumbuka, kinachonitisha zaidi ni ukimya ule. Niliona wazi kwamba kuna mtu aliyeacha alichokuwa akifanya ili anisikilize.

Halafu ukungu ukasema kwa sauti ya baba yangu.

"Theresia! Mchukue Damiano mkimbie juu! Juu! Kimbieni juu!"

Haikuwa sauti inayofanana na ya Baba. Ilikuwa ya Baba, na jinsi anavyoliburuta jina langu mwishoni. Lakini Baba alikuwa Haydom, mwendo wa siku nzima. Nilipanda mteremko bila kujua miguu yangu iko wapi, nikamkuta Damiano amechuchumaa chini ya mti wenye kisanduku, anatazama kile kitaa chekundu. Nilimshika mkono nikamvuta. Tulikuwa tumepanda hatua chache tu niliposikia nyuma yetu mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, mrefu, kisha kishindo. Ardhi iliruka. Majani na vipande vya matawi vilitupiga mgongoni. Sikugeuka. Kuni niliziacha, kamba niliiacha, na kiatu kimoja cha Damiano tulikiacha.

Tulipotokea shambani nilimkalisha chini ya ua wa minyaa. Alikuwa akitweta, macho yamemtoka.

"Dada, Baba yuko msituni?"

"Si Baba."

"Ni Baba. Ameniita."

"Si Baba!" Nilimshika mabega. "Ukisema neno hilo nyumbani, Baba atakufa. Umesikia? Atakufa na utakuwa umemuua wewe."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nimejisamehe mambo mengi ya utoto, lakini hilo silipiti upesi. Damiano hakusema. Alianza kukojoa kitandani, na akiitwa jina lake aliruka.

Bibi nilimwambia kamba imekatika na kuni zimelowa. Siku tatu nilijificha na jambo lile. Usiku nilihesabu dalili: jogoo aliyewika jioni, bundi, sufuria iliyopasuka. Kila mbwa alipobweka nilidhani wameleta habari ya msiba.

Siku ya nne jirani yetu mwenye simu alikuja mbio akiishika sikioni. Mama alikuwa amepiga. Bibi aliipokea kwa mikono miwili kama bakuli la moto, na kwa kuwa alikuwa mzito wa kusikia, jirani alibonyeza ili sote tusikie.

"Mama, shikamoo," sauti ya Mama ilisema kutoka mbali.

"Marahaba, mwanangu. Mguu?"

"Wanasema ni lazima wapasue. Baba Theresia anakuja lini? Namsubiri."

Bibi alinitazama, kisha akatazama simu. "Hajafika?"

"Hajafika, Mama. Kwani aliondoka?"

Mambo mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimekaa chini. Baba aliondoka, hakufika, na sauti yake ilikuwa korongoni. Hakukuwa na kitu cha kuongeza kwenye hesabu hiyo. Simu ilipokatika nililia mpaka Bibi akaja kunikalia karibu, na nikamweleza yote.

Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Uliita mara ngapi?"

"Mara tatu, Bibi."

Alifumba macho. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: uliogopa. Mpaka siku ile niliamini kwamba Bibi aliijua hofu kama anavyojua mboga, kwa jina na matumizi yake, lakini haimgusi.

Alfajiri iliyofuata alituamsha mimi na Damiano. Alibeba maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akatupeleka mpaka pale njia inapoingia msituni, akatusimamisha pekupeku kwenye majani yenye umande wa barafu. Alimimina maziwa chini taratibu, akiongea Kiiraqw cha zamani ambacho nusu yake sikukielewa. Niliyoyaelewa yalikuwa haya: ni watoto, hawajui, jina lirudi, mtu arudi. Kisha akatoa rozari akasali mafumbo yote matano. Kutoka bondeni, wakati anasali, nilisikia mngurumo mzito uliopanda na kushuka, ukajibiwa na mwingine kutoka upande wa pili. Nilimng'ang'ania Bibi nguo. Yeye hakukatiza sala.

Kesho yake mchana, Baba alirudi.

Aliingia uani kama kawaida, na shuka lake na mfuko wake, na sukari kwenye karatasi. Alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na alinuka kitu kikali, kama utomvu. Bibi alitoa sauti ndogo akasimama kwa kushika nguzo, akamwita kwa jina lake.

"Boay. Umetoka wapi?"

"Haydom, mama."

Ninyi mliolelewa kwetu mnajua mtoto asipomwamkia baba yake maana yake ni nini. Nilifungua mdomo niseme shikamoo, haikutoka. Yule mtu aliyesimama pale alisema ametoka Haydom, na Mama mwenyewe alisema Baba hakufika Haydom. Kwa hiyo alikuwa nani? Aliponyoosha mkono anishike kichwa, nilirudi nyuma. Damiano aliingia mvunguni mwa kitanda na hakutoka mpaka giza.

"Theresia alikusikia msituni," Bibi alisema polepole. "Jumamosi. Akiwa na mtoto."

Baba alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Nilidhani atasema jambo. Akainama akafungua kamba za viatu.

"Msituni watoto wanasikia mengi," alisema.

Kesho yake aliondoka tena, na safari hii alifika Haydom kweli. Mama alipasuliwa goti, na Baba akarudi baada ya juma moja na habari kwamba anaendelea vizuri. Mimi sikupona. Sikula chakula alichogusa. Akiingia chumbani, nilitoka. Nilikuwa na hakika, hakika ya mtoto ambayo haina mlango, kwamba baba yangu alibaki korongoni na huyu aliyevaa nguo zake ametumwa. Nilimchunguza kivuli. Nilimchunguza kama anapepesa macho. Alinikuta mara moja namtazama hivyo akiwa ananoa jembe, na akaacha kunoa.

Mwezi ulipoisha, Dada Oliva aliita mkutano uwanja wa shule. Kijiji chote kilikuja, pamoja na mwenyekiti, na bwana misitu aliyekuwa amekaa kwenye kiti pembeni na daftari lake. Dada Oliva aliweka spika ndogo juu ya meza ya mwalimu, akasema ana zawadi kwetu. Akabonyeza.

Ulitoka mngurumo ule ule niliousikia siku ya maziwa. Watoto walicheka kwa woga, na mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi alisimama na fimbo yake. "Ni wao," alisema, "ni wao kabisa," na machozi yakamtoka. Dada Oliva alisema ni makundi machache sana, labda mawili, lakini wapo. Watu walipiga makofi. Alikuwa na furaha, na katika furaha hiyo akasema tusikilize asubuhi nyingine.

Kulikuwa na ndege. Kulikuwa na kule kukwaruza, kwenda na kurudi. Bwana misitu aliinua kichwa. Halafu uwanja mzima ukasikia sauti ya mtoto wa kike ikilia, "Damiano! Damiano! Damianooo!"

Dada Oliva alishtuka, akanyoosha mkono kuzima. Nadhani kipande hicho hakukijua. Lakini bwana misitu alisema, "Acha."

Ukimya. Kisha: "Theresia! Mchukue Damiano mkimbie juu! Juu! Kimbieni juu!" Kisha mti kuanguka, mpaka spika ikakoroma.

Katika kijiji chetu Theresia mwenye mdogo anayeitwa Damiano alikuwa mmoja tu. Niliona vichwa vinageuka kama ngano kwenye upepo. Mwenyekiti aliniita mbele. Alikuwa mtu mpole, na aliniuliza kwa upole.

"Mwanangu, hiyo ni sauti ya nani?"

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu sikujua pa kuanzia.

"Marahaba. Ni sauti ya nani?"

Sikudanganya. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu baadaye wapo waliosema nilifundishwa. Nilijibu nilichokiamini.

"Si mtu. Ni mwenye chemchemi. Amechukua sauti ya Baba."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wazee walishika midomo. Mmoja wa wazee alitikisa kichwa kukubali, kisha mwingine, na mwenyekiti mwenyewe hakujua aangalie wapi. Bwana misitu alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Leo, nikiwa mtu mzima, najua kilichokuwa kikitokea. Mlango ulikuwa umefunguka. Nusu ya uwanja ule ingeapa kwamba ni mwenye chemchemi, na bwana misitu, mtu mgeni, angeandika nini? Baba alihitaji kukaa tu.

Nilikuwa natetemeka, nilijua kwa sababu sketi yangu ilikuwa ikitikisika. Nilimtafuta Bibi kwa macho nikamkosa, na nikaanza kulia mbele ya watu wote.

Baba alisimama.

"Ni mimi," alisema. Hakumtazama mwenyekiti. "Theresia, ni mimi. Nilikuwa napasua mbao kule chini, nipate fedha za goti la mama yako. Mti ulikuwa umeshaanza kulala upande wenu, nikakusikia unaita. Ni mimi mwanangu, si mwingine. Nitazame."

Nilimtazama. Alikuja mbele, akapita katikati ya watu, akapiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima mbele ya kijiji, akanyoosha kiganja chenye makovu. Nilikigusa. Kilikuwa cha moto.

"Shikamoo, Baba," nilisema.

"Marahaba."

Walimchukua kwa gari jioni ile, kwa kosa la kupasua mbao bila kibali. Aliulizwa wenzake, maana msumeno ule uliokuwa ukikwaruza huvutwa na wawili, na hakuwataja. Alikaa ndani mpaka maharage yakavunwa na mahindi yakapandwa. Mama alirudi kutoka Haydom kwa basi, na mkongojo, akaikuta nyumba haina mume. Hakugombana na mtu. Siku ya pili aliniambia nimpeleke kwenye ule mti. Ilituchukua nusu ya asubuhi kwa mguu wake. Ulikuwa mpodo mkubwa, mti wa mbao nzuri, umelala pale pale nilipokuwa nimefunga mzigo wa kuni, na kamba yangu ilikuwa bado inaonekana imebanwa chini yake. Mama aliitazama kamba. Kisha akakaa kwenye gogo, akafunika uso kwa khanga, na mimi nikasimama kando bila kujua nimfanyeje.

Bibi hakuwahi kukubali kwamba mambo yaliisha pale. Nilipokuwa sekondari na kujiona nimejua dunia, nilimwambia, "Unaona Bibi, alikuwa Baba tu." Alinijibu bila hasira. "Nilikuambia ukitaja jina kule mtu atapotea. Hakupotea?" Alipokufa alikufa akiamini hivyo. Siku hizi sioni aibu kusema kwamba katika jambo hili alikuwa sahihi kuliko mimi. Mimi nilijua sauti ilikuwa ya nani. Yeye alijua itatugharimu nini.

Sasa nafundisha shule ya msingi huko Masieda. Mwaka jana, likizo, nilikaa na Baba nje tukipukuchua mahindi. Amezeeka, masikio yamekuwa mazito kama ya mama yake. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimembeba moyoni kama mtu aliyesimama. Wenzangu wakisimulia ushujaa wa baba zao, mimi nilikuwa na uwanja ule wa shule. Kwa hiyo nilimuuliza, nikitarajia jibu zuri, kama alikuja mkutanoni akiwa tayari kusema.

Alimaliza kupukuchua hindi lililokuwa mkononi.

"Hapana," alisema. "Sauti ilipotoka nilisema moyoni, kaa, Boay. Uliposema ni mwenye chemchemi, nilimshukuru Mungu. Nilikuwa nimeshapona." Alitupa gunzi kwenye debe. "Halafu nikaona sketi yako."

Akachukua hindi jingine. Nilikuwa na uchungu kidogo, nakiri, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Lakini nimekuwa nikilirudia jibu lile, hasa darasani, mtoto anapoleta hofu yake na kuniambia jambo ambalo najua si kweli. Nimefika mahali ambapo ninampenda zaidi yule baba aliyekuwa amekusudia kukaa, kuliko yule shujaa niliyembeba moyoni.